Karama Kizimbani: Kukisoma Kusadikika Kalamu Mkononi

Kuna vitabu ambavyo watu huvijua kwa muhtasari kabla ya kuvijua kwa kuvisoma, na Kusadikika cha Shaaban Robert ni kimojawapo. Karibu kila aliyepitia sekondari akasoma fasihi ya Kiswahili anaweza kukuambia kwamba ni hadithi ya nchi iliyo angani, kwamba mtu aitwaye Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, na kwamba nchi hiyo ni kivuli cha Tanganyika iliyokuwa chini ya Waingereza. Yote hayo ni kweli. Lakini mtu akishayasema hujiona amekimaliza kitabu, na mimi naamini kwamba hapo ndipo kitabu kinapoanza kumpita. Likizo ya Juni iliyopita niliamua kukisoma upya, polepole, na kuandika siku ileile juu ya kila nilichokisoma. Na kwa kuwa mpwa wangu alikuwa kwetu hapa Ngamiani, mjini Tanga, akisubiri kuanza kidato cha tano kwa tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, nilimwomba tusome pamoja, kila mtu na daftari lake.

Kukisoma kitabu hiki ukiwa Tanga kuna uzito wa peke yake. Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, kijiji cha pwani kilicho kusini mwa mji wetu, na hukohuko alizikwa alipofariki Juni 1962. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, akaajiriwa katika idara ya forodha, akazunguka na kazi za serikali kwa miaka karibu ishirini, kisha 1946 akarudi kufanya kazi katika ofisi ya wilaya hapa Tanga hadi 1952. Kusadikika kilichapishwa 1951 na kampuni ya Nelson ya Uingereza. Maana yake ni kwamba kitabu kinachoeleza baraza linalowafunga watu kwa sababu ya mawazo yao kilitoka wakati mwandishi wake akiwa bado mtumishi wa serikali ya kikoloni, akipokea mshahara wake mwisho wa mwezi katika ofisi ya Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya wa Kiingereza. Huwa nawaomba wanafunzi wangu waliweke jambo hilo akilini kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, kwa kuwa linaeleza kwa nini nchi yenyewe iko angani. Mtu aliye katika nafasi ile asingeweza kuiweka kesi ya Karama Korogwe wala Handeni. Akaipandisha juu, mahali ambapo hakuna mkuu wa wilaya awezaye kusema kwamba ametajwa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na najua jinsi tunavyowafundisha vijana kuhakiki. Tunawapa fani, yaani jinsi kazi ilivyosukwa, upande mmoja, na maudhui, yaani yale inayoyasema, upande wa pili. Chini ya maudhui tunaweka dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa ya mwandishi, na chini ya fani tunaweka muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mpangilio huo una faida, na siuchukii, maana unamsaidia mwanafunzi asipotee mbele ya karatasi ya mtihani. Hatari yake ni kwamba mwanafunzi huanza kutafuta vitu vya kujazia vyumba hivyo kabla hajaisikia hadithi yenyewe, na Kusadikika ni kitabu kinachojazika upesi mno. Majina ya wahusika yanatangaza tabia zao, mgogoro uko wazi, ujumbe umesemwa kwa sauti. Kijana mwerevu anaweza kuandika insha nzima juu yake bila kukigusa, naye akapata alama nzuri.

Kwa hiyo tuliwekeana kanuni. Kila jioni, baada ya kusoma, mtu aandike kwanza kilichotokea, kwa sentensi zake mwenyewe, bila kukisifu wala kukilaumu. Chini yake aandike swali moja ambalo sehemu ile imemwachia. Neno dhamira lisitajwe mpaka tumalize.

Mpwa wangu hakuipenda kanuni hiyo. “Mjomba,” aliniambia, “nikiandika yaliyotokea tu, uhakiki utakuwa wapi? Si nitakuwa nanakili kitabu?”

“Andika kwanza, mama,” nilimjibu. “Ukishajua kwa hakika nini kimetokea, tutaona kama bado hatuna la kuhakiki.”

Jambo la kwanza ambalo kanuni ile ilitulazimisha kuliona ni mashtaka yenyewe. Katika muhtasari tunaopeana madarasani, Karama ni mtu mwema na Majivuno, waziri anayemshtaki, ni mtu mbaya, na tunapita. Lakini ukitaka kuandika kwa usahihi Karama ameshtakiwa kwa kosa gani, kalamu inasita. Hakuiba, hakupiga mtu, hakumtukana mfalme. Anashtakiwa kwa elimu ambayo anataka kuieneza, yaani uanasheria, katika nchi ambayo haikuwa nayo. Kosa lake liko katika siku zijazo. Ni hofu ya kile ambacho wananchi watakuwa wakishaelimika. Halafu kuna la pili, ambalo mimi mwenyewe, pamoja na miaka yote niliyokisoma kitabu hiki, sikuwahi kuliandika mpaka siku hiyo: baraza linalomshtaki mtu kwa kufundisha sheria limelazimika kumfungulia kesi, na kesi ni sheria. Kuna mshtaki, kuna mshtakiwa, kuna wasikilizaji wanaotakiwa kukaa kimya mpaka mtu amalize, kuna siku zilizotengwa kwa utetezi. Majivuno angeweza kumtia Karama gerezani usiku bila kumwambia mtu. Alipochagua kumleta mbele ya baraza alikuwa amekwisha kukubali, bila kutaka, kanuni ileile anayoipiga vita. Nadhani Shaaban Robert alilijua hili vizuri kabisa, na nadhani ndiyo sababu kitabu chote kimefanywa kesi wakati mwandishi angeweza kuchagua vita, maasi au kukimbia.

Kisha zinakuja siku sita za utetezi, na hapo ndipo wasomaji wengi wa leo huchoka. Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliowahi kutumwa na nchi ya Kusadikika: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alitumwa upande wake, akapata shida njiani, akaona mambo ambayo yangeifaa nchi yake, akarudi kuyaeleza, akaadhibiwa. Ukisoma kwa haraka unaona kisa kimoja kimerudiwa mara sita. Mpwa wangu alilalamika waziwazi kwamba mwandishi angeweza kutosheka na wajumbe wawili tukamwelewa, na sikumkatalia, kwa sababu msomaji ana haki ya kuchoka. Nilimwomba tu aendelee kuandika kila safari imeelekea wapi.

Orodha ile ya mielekeo ndiyo iliyotufungua macho. Nchi ya Kusadikika iko kati ya mbingu na ardhi. Wajumbe wanne wanakwenda pande nne za dunia. Mmoja anapanda mbinguni, na mwingine anashuka ardhini. Mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, juu na chini: hakuna upande wa saba. Idadi ya sita haikuchaguliwa ili kurefusha kitabu. Mwandishi ameimaliza dunia nzima. Kila mahali ambako maarifa yanaweza kutafutwa pamekwisha kutafutwa, na kila mara maarifa yaliletwa mpaka mlangoni yakakataliwa. Kwa hiyo anaposimama Karama, ambaye hakutumwa popote wala hakusafiri, yeye ni wa saba ambaye amebakiwa na upande mmoja tu wa kuelekea, nao ni ndani ya nchi yenyewe. Sheria anayotaka kuifundisha si kitu cha kuagizwa kutoka ng’ambo. Ni jambo ambalo watu wa Kusadikika wanaweza kulianzisha hapohapo walipo, bila safari, bila gharama. Nilipoliandika hilo katika daftari langu nilifurahi kama nilivyokuwa nikifurahi nikiwa mwanafunzi, na nilimwita mpwa wangu kutoka jikoni aje alisome.

Yeye naye alikuwa na lake, na naliona kuwa kubwa kuliko langu. Katika daftari lake aliuliza: mbona Karama hasemi lolote juu ya nafsi yake? Tulirudi nyuma kukagua, na ni kweli. Mtu anayekabiliwa na adhabu kubwa anapewa nafasi ya kujitetea, naye anaitumia yote kueleza habari za watu wengine. Haelezi wema wake, haleti mashahidi wa tabia yake, haombi ahurumiwe. Mpwa wangu alidhani kwanza kwamba ni udhaifu wa mwandishi, kwamba Shaaban Robert alitaka kutuhadithia safari na akamfanya Karama chombo cha kuzibeba. Tulilijadili jambo hilo jioni nzima barazani, kusi likivuma na majirani wakipita na kutuamkia, mpaka akabadilisha maelezo yake mwenyewe. Aliandika kwamba Karama hajitetei kwa sababu hakubali kwamba yeye ndiye anayeshtakiwa. Kwa kila mjumbe anayemtaja anaongeza shtaka moja dhidi ya baraza, na kufikia siku ya sita mshtakiwa na mshtaki wamekwisha kubadilishana nafasi bila mtu yeyote kuhama alipoketi.

Nimefundisha kitabu hiki kwa miaka mingi na sijawahi kupata sentensi nzuri kama ile kutoka kwa mwanafunzi anayejaza vyumba vya fani na maudhui. Siisemi kwa kumsifu mtoto wa dada yangu. Naisema kwa sababu ilitokana na kazi ya kuchosha ya kuandika kilichotokea, siku baada ya siku, mpaka kile ambacho hakikutokea kikaonekana.

Kuna jambo jingine ambalo lilinishika zaidi nikiwa mtu mzima kuliko nilipokuwa kijana, nalo ni upotevu. Tunaposema kwamba serikali ya Kusadikika ni dhalimu tunafikiria gereza, na ni sawa. Lakini hebu tazama mwenendo wenyewe. Nchi inamchagua mtu hodari, inamtuma, inamngoja. Anarudi na kile alichotumwa kukitafuta, naye anaadhibiwa kwa kukileta. Ni sawa na mzazi anayemtuma mtoto dukani, akirudi na chumvi anamchapa kwa kuwa alitoka nje, na mchuzi unaliwa bila chumvi. Udhalimu wa namna hii haumfaidishi hata dhalimu. Mtu aliyefanya kazi ya ukarani ofisi hadi ofisi, aliyeona taarifa zikiandikwa kwa uangalifu na kuwekwa katika majalada yasiyofunguliwa tena, alikuwa na sababu ya kulijua jambo hili kwa undani. Hayo ni mawazo yangu, kitabu hakitaji ofisi. Lakini siwezi kuzisoma safari zile sita bila kuona nyuma yake mtu anayejua jinsi taarifa nzuri inavyokufa mezani.

Sasa kuhusu sheria. Wahakiki wengi huichukua sheria katika Kusadikika kama ishara ya haki kwa ujumla, na baadhi husema ingekuwa ileile kama Karama angetaka kufundisha elimu nyingine yoyote. Sikubaliani nao. Chini ya utawala usio wa moja kwa moja, yaani kutawala kupitia machifu wa wenyeji, ambao Waingereza waliusimika Tanganyika katika miaka ya 1920, mwananchi wa kawaida alipelekwa katika mahakama za wenyeji, na sheria ya 1929 iliziweka mahakama hizo chini ya usimamizi wa maofisa wa utawala badala ya Mahakama Kuu. Wakili hakuruhusiwa kumsimamia mtu humo. Mkulima wa Pangani au mkata mkonge wa Muheza alisimama peke yake mbele ya watu waliokuwa sehemu ya utawala uleule aliokuwa akiulalamikia. Katika mazingira hayo, mtu anayesema kwamba atawafundisha wananchi uanasheria hasemi jambo la ishara. Anataja kitu mahususi ambacho hakikuwepo, na ambacho kutokuwepo kwake kulikuwa na manufaa kwa mtu fulani.

Tena historia ilikuja kumjibu mwandishi kwa namna ambayo bado hunisisimua. Kitabu kilitoka 1951. Miaka kumi baadaye, Oktoba 1961, Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam, kitivo cha kwanza kabisa kuanzishwa kilikuwa kitivo cha sheria, hata kabla nchi haijapata uhuru wake Desemba ya mwaka huohuo. Elimu ambayo Karama alitaka kuifundisha ndiyo iliyopewa mlango wa kwanza. Shaaban Robert alikuwa hai bado, akiwa na miezi michache tu iliyobaki. Lakini jibu la historia halikuwa kamili. Kwa miongo mingi baada ya uhuru mawakili waliendelea kuzuiwa katika mahakama za mwanzo, ambazo ndizo mahakama za watu wengi, hadi mabadiliko ya sheria ya 2021 yalipoanza kuwafungulia mlango. Na mwaka huohuo wa 2021 ndipo sheria ilipotamka kwamba lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili. Kabla ya hapo, katika mahakama za juu, hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza, na mtu aliweza kushinda au kushindwa kesi yake bila kuweza kusoma kwa nini. Miaka 70 baada ya Karama kujitetea kwa Kiswahili safi katika nchi ya kubuni, nchi halisi ilikuwa bado inalitafuta jambo hilo. Nilipomweleza mpwa wangu haya alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kuyatia katika insha yake au yatahesabiwa kuwa nje ya mada. Nilimwambia ayatie, ila aanze na kitabu na amalizie kwa kitabu, na tarehe zikae katikati kama watumishi wa hoja.

Sitaki mtu adhani kwamba nakiona kitabu hiki hakina kasoro. Wahusika wake hawana miili. Hawali, hawaugui, hawakumbuki mama zao. Mtu akitajwa jina lake, umekwisha kumjua, na hatakushangaza tena mpaka mwisho. Majivuno atajivuna tu. Ni utaratibu wa ngano za mafunzo, na mwandishi aliuchagua kwa makusudi, lakini una gharama, maana msomaji wa leo aliyezoea riwaya zinazomfuata mtu mpaka chumbani huona kama anatazama watu kupitia kioo kinene. Kasoro iliyonisumbua zaidi safari hii ni kwamba hakuna mwanamke anayesimama mbele kama mhusika mkuu. Mpwa wangu aliligundua mapema na kulirudia mara kwa mara katika daftari lake, na alikuwa na haki, kwa sababu nchi inayochunguzwa kwa undani namna hii haiwezi kuwa na wanaume peke yao. Nilimpa asome, kando ya riwaya, Wasifu wa Siti binti Saad, kilichotoka 1958, ambamo kalamu ileile inamfuata binti wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, akaingia mjini Zanzibar, akawa mwimbaji mkubwa, na 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodiwa sauti. Pale Shaaban Robert anaonyesha kwamba aliweza kumwandika mtu mwenye mwili, kipaji na maadui. Kwa nini hakufanya hivyo angani? Sina jibu linaloniridhisha, na sidhani tunapaswa kumtetea mwandishi kila mahali kwa sababu tu ni wetu.

Lugha ya kitabu ni jambo ambalo vijana hulilalamikia, na hapa mimi husimama upande wa mwandishi bila kusita. Sentensi zake ni ndefu, zimepangwa kwa mizani, na mara nyingi wazo huwekwa mbele kisha likawekewa kinyume chake pembeni, hata ukizisoma kwa sauti unasikia kwamba zimeandikwa na mshairi. Ndiyo maana tulizisoma kwa sauti. Mtu akizisoma kimya, kwa kasi anayosomea ujumbe wa simu, zinamkwaza. Akizipa pumzi zake, zinaeleweka, na hata msamiati mgumu hujieleza kwa jirani zake. Tulipokezana kurasa. Kulikuwa na jioni ambayo jirani yetu mzee, aliyekuja kuomba ufunguo wa stoo, alikaa kusikiliza hotuba nzima ya Karama kabla ya kukumbuka alichokijia, na alipoondoka alisema kwamba mtu anayezungumza vile hafungwi. Hakuwahi kukisoma kitabu. Alikuwa ametabiri hukumu kwa kusikia mwendo wa sentensi.

Na kweli hafungwi. Karama anashinda, na wafungwa wanafunguliwa. Hapo ndipo mimi na mpwa wangu tulipotengana, na mpaka naandika makala hii hatujapatana.

Yeye anaona kwamba ushindi ule umekuja kwa urahisi usioaminika. Baraza lililowaadhibu watu sita, kwa vizazi vya woga na majivuno, haliwezi kugeuka kwa sababu mtu mmoja amesema vizuri kwa siku sita. Anasema kwamba mwandishi alitaka Karama ashinde, akamshindisha, na kwamba mwisho wa kweli ungekuwa Karama kuwa mfungwa wa saba. Hoja yake ina nguvu, na nilimwambia hivyo. Ipo pia sababu ya kumwamini inayotoka nje ya kitabu: watu wengi waliosimama mbele ya mabaraza ya namna ile, katika bara letu na kwingineko, hawakurudi nyumbani.

Mimi naona vingine. Kwanza, sidhani kwamba kitabu kinadai mioyo ya wajumbe wa baraza imebadilika. Kilichobadilika ni kwamba mambo ambayo kila mmoja aliyajua kipande kipande, na ambayo yangeweza kuendelea kusahauliwa kipande kipande, yamesemwa mfululizo, hadharani, kwa mpangilio, na mtu mmoja asiyekatizwa. Tukio moja la dhuluma linaweza kuelezwa kuwa ajali au kosa la mtumishi. Matukio sita yaliyosimuliwa na sauti moja yanakuwa desturi, na desturi inahitaji mtu wa kuitetea kwa jina lake. Sioni mtu barazani ambaye angekuwa tayari kufanya hivyo. Pili, yeye anasahau kwamba mwandishi alikuwa na kazi nyingine zaidi ya kuonyesha mambo yalivyo. Wasomaji wake wa 1951, wengi wao wakiwa walimu, makarani na wanafunzi, walikuwa wamekwisha kujua jinsi mtu anavyofungwa. Jambo ambalo hawakuwa wameliona, hata katika hadithi, ni jinsi mtu wa namna yao anavyoshinda kwa kusema. Ukimfunga Karama unawaambia kile wanachokijua. Ukimfungua unawapa mfano wa utetezi ambao wanaweza kuukariri na, siku moja, kuutumia.

Niliandika hayo kwa kurasa nyingi kuliko nilivyokusudia, na mpwa wangu alizisoma zote kwa makini, akapiga mstari chini ya neno kuukariri, kisha akaandika pembeni: “Kwa hiyo mjomba anakubali kwamba mwisho ule ni somo, si tukio.” Nimelitafakari jibu hilo siku nyingi. Huenda ana haki, na huenda katika kitabu hiki vitu hivyo viwili havitenganishwi.

Shule zilipokaribia kufunguliwa nilimwomba aandike insha yake ya mwisho kwa uhuru, akiutumia mpangilio wa fani na maudhui kama anautaka, maana marufuku yetu ilikuwa imekwisha. Hakuutumia. Aliniambia kwamba anataka kuandika hotuba ya Majivuno ya siku ya saba, baada ya Karama kumaliza, iwe hotuba yenye akili na si ya kejeli, kwa kuwa anaona mshtaki huyu hakupewa nafasi ya kuwa hodari, na kwamba ushindi wa Karama utaaminika zaidi akimshinda mtu anayejua kusema. Nimeliona wazo hilo kuwa uhakiki hasa, tena mkali kuliko wangu. Ameniomba nisimsaidie hata kidogo, nami nimekubali, ingawa ninayo hoja moja ya Majivuno ambayo natamani sana aifikie mwenyewe: kwamba sheria ikishafundishwa kwa wachache tu itakuwa silaha mpya mikononi mwa wachache hao, na kwamba Karama, katika siku zake zote sita, hakueleza atawafikiaje wale wasiojua kusoma.